Msimu Mmoja katika Daraja la Nne

Mhariri wetu alipobandika tangazo ubaoni akiomba insha za sehemu ya Kiswahili, alisema kila mtu aandike juu ya jambo alilojifunza mwaka huu nje ya darasa. Wenzangu wengi wameandika juu ya safari zao za likizo, na mmoja ameandika juu ya ufugaji wa nyuki. Mimi naandika juu ya kandanda ya Ujerumani, wala si ya vile vilabu vikubwa ambavyo kila mtoto hapa Uganda anavijua, bali ya ligi ndogo ya upande wa mashariki, katika msimu wa 2005 hadi 2006, wakati ambapo mimi mwenyewe sijazaliwa. Na kwa kuwa siwezi kuieleza habari hiyo bila kueleza uwongo wangu, nitaanza na uwongo.

Wanafunzi wanajua, lakini labda wakubwa wetu waliokwisha kuondoka shuleni hawajui, kwamba mwaka jana timu yetu ya kwanza ilishika mkia katika mashindano ya shule za wilaya, ikashushwa kutoka Kundi la Kwanza hadi Kundi la Pili. Kepteni nilikuwa mimi. Katika Kundi la Kwanza tulizoea kucheza kwenye uwanja wa mjini, watu wamejaa pande zote, wasichana wa shule jirani wakiimba. Katika Kundi la Pili tulipangiwa shule changa za mbali, nyingine zina viwanja vya mteremko na vichuguu kwenye kona. Niliona haya kubwa. Asubuhi ya mchezo wa kwanza nilikwenda kwenye zahanati ya misioni nikamwambia Sista kwamba goti linaniuma. Sista alilibonyeza, nami nikapiga kelele. Akanifunga bendeji. Timu ikapanda lori ikaondoka bila mimi, nayo ikafungwa mabao mawili kwa bila. Juma la pili goti liliuma tena. Juma la tatu halikuhitaji hata kuuma, maana hakuna aliyeniuliza.

Basi ikafika Siku ya Wanafunzi wa Zamani. Baada ya Misa na hotuba, wageni walikwenda kutazama timu yetu ikicheza mchezo wa kirafiki. Mimi nilikaa kwenye benchi na bendeji yangu. Mzee mmoja, mhandisi aliyemaliza hapa zamani, alikuja akaketi karibu nami. Alitazama mpira kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, asubuhi kanisani bendeji ilikuwa kwenye goti la kulia."

Nilitazama chini. Ilikuwa kwenye goti la kushoto. Ulimi ulinikauka, sikupata jibu. Nilidhani atanipeleka kwa Bruda mwalimu wa michezo, lakini hakufanya hivyo. Aliniuliza tu, "Je, mmeshushwa daraja?" Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Akasema, "Basi nitakuambia habari za watu niliowaona wameshushwa mara mbili."

Mzee huyu alikwenda kusoma uhandisi Berlin mwaka 2003, akapanga chumba katika mtaa wa Köpenick, upande wa mashariki wa mji, penye mito na msitu. Karibu na msitu huo uko uwanja wa klabu iitwayo 1. FC Union Berlin. Klabu hiyo ilipewa jina lake mwaka 1966, lakini mizizi yake ni ya mwaka 1906, nayo ilishikwa tangu zamani na mafundi wa chuma wa viwanda vya jirani. Ndiyo sababu mpaka leo mashabiki wake hupaza sauti wakisema wao ni wa chuma. Wakati Ujerumani ilipokuwa nchi mbili, Union haikuwa klabu ya wakubwa. Klabu ya wakubwa katika mji ule ilikuwa BFC Dynamo, iliyolelewa na polisi wa siri, nayo ilitwaa ubingwa wa Ujerumani Mashariki mara kumi mfululizo, tangu 1979 hadi 1988. Union ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka. Kikombe chake kikubwa cha siku zile ni kimoja tu, cha mwaka 1968.

Mpanda ngazi hushuka, na Mzee alifika Köpenick wakati wa kushuka. Msimu wa 2003 hadi 2004 Union ilikuwa katika Bundesliga ya Pili, nayo ilikuwa ikifungwa juma baada ya juma. Tarehe 23 Desemba 2003 mashabiki 89 waliingia uwanjani usiku bila ruhusa, wakasimama kwenye baridi, wakaimba nyimbo za Noeli. Hawakuwa na ushindi wa kuushangilia. Waliona tu kwamba haifai kwenda kwenye sikukuu bila kutakiana heri. Mzee hakuwa miongoni mwao, lakini mwenye nyumba wake alikuwamo, na asubuhi alimweleza habari hiyo huku akinywa chai kwa sauti iliyopwelea. Sisi tunaoimba katika kwaya ya misioni twaweza kuelewa jambo hilo. Siku hizi watu zaidi ya 28,000 hukusanyika katika uwanja ule ule kuimba kila mwisho wa mwaka, lakini walianza 89.

Msimu ulipokwisha Union ilishushwa. Tena haikuwa na fedha. Ili ipewe leseni ya kucheza katika daraja la tatu ilitakiwa kuonyesha akiba ya karibu euro milioni moja na nusu, na sanduku lilikuwa tupu. Hapo mashabiki walifanya jambo ambalo Mzee aliponieleza nilidhani anatania. Walikwenda hospitalini kutoa damu. Kule mtoaji damu hupewa fedha kidogo za shukrani, nao walizipeleka fedha hizo kwa klabu. Wengine walitoa mishahara, wengine waliuza fulana, wengine walipita na visanduku. Leseni ikapatikana.

Ndugu msomaji, ingekuwa hadithi ya vitabu, hapa ningesema kwamba klabu ilishinda michezo yote. La. Msimu uliofuata, wa 2004 hadi 2005, baada ya damu ile yote kutolewa, Union ilishika nafasi ya mwisho katika daraja la tatu, ikashushwa tena. Nilimwuliza Mzee, "Je, watu hawakukasirika?" Akajibu, "Walikasirika sana. Kisha wakauliza mchezo wa kwanza utakuwa lini."

Yafaa nieleze ngazi ya Ujerumani ilivyokuwa wakati huo. Juu kabisa ni Bundesliga. Chini yake Bundesliga ya Pili. Chini yake Regionalliga, iliyokuwa na sehemu mbili, Kaskazini na Kusini. Na chini yake zilikuwako Oberliga nyingi, kila moja na eneo lake. Upande wa mashariki wa nchi ulikuwa na Oberliga mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Union ilianguka katika ile ya Kaskazini, daraja la nne. Humo walikutana na vilabu vya mitaa ya Berlin na vya miji midogo ya Brandenburg na Mecklenburg, kama Neuruppin. Wachezaji wengi wa ligi ile walikuwa na kazi nyingine mchana, wakafanya mazoezi jioni. Klabu iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka 2001, ikafungwa na Schalke mabao mawili kwa bila, miaka minne tu baadaye ilikuwa ikivaa viatu katika vyumba ambavyo hapa kwetu tungeviita stoo.

Katika timu ya mwaka ule walikuwamo vijana wawili waliokuja majira yale ya joto, na majina yao hukumbukwa mpaka leo. Mmoja ni Torsten Mattuschka, kiungo, aliyekuwa ametoka Cottbus. Wa pili ni Karim Benyamina, mfungaji, ambaye baadaye alivaa fulana ya taifa la Algeria. Nadhani yafaa tujiulize kijana wa namna hiyo huwaza nini anapokubali kwenda daraja la nne. Mimi nilikataa kwenda Kundi la Pili kwa kilometa ishirini za lori.

Tarehe 21 Agosti 2005 Union ilikutana na adui wake wa zamani, BFC Dynamo, ambayo nayo ilikuwa imeanguka mpaka huko chini. Ulikuwa mchezo wa daraja la nne, lakini watu zaidi ya 14,000 walikuja. Mzee alisimama miongoni mwao, maana katika uwanja ule watu wengi husimama, hawaketi. Union ilifunga mabao manane, Dynamo haikupata hata moja. Mzee alisema, "Bao la tano lilipoingia, mzee mmoja nisiyemjua alinivika skafu yake shingoni. La nane lilipoingia alikuwa analia. Sikumwona tena maishani, na skafu ninayo."

Hapo nilichangamka, nikaanza kuuliza juu ya mabao. Lakini Mzee aliinua kidole akasema, "Ngoja. Usidhani kwamba msimu ulikuwa mabao manane." Akaniambia kwamba mingi ya michezo ile haikumbukwi na mtu. Ilikuwa michezo ya siku za mvua katika miji ambayo treni haifiki, ya bao moja kwa bila au sare, mbele ya mapaa ya nyumba za watu. Mashabiki walisafiri huko kila mara, na mara nyingine wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Tena aliniambia jambo ambalo sikulitazamia. Ligi za chini zina askari wachache na macho machache, na uovu hupenda mahali pasipo na macho. Mwezi wa Machi 2006, katika ile Oberliga ya Kusini, mchezaji wa Nigeria aitwaye Adebowale Ogungbure, wa klabu ya Sachsen Leipzig, alitemewa mate na kutukanwa na mashabiki katika mji wa Halle; wakamlilia kama nyani, na mchezo ulipokwisha wakamshambulia uwanjani. Kwa hasira aliweka vidole viwili juu ya mdomo mfano wa masharubu ya Hitler, akainua mkono, kuwaonyesha wao ni nani. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeanza kuchunguzwa na waendesha mashtaka, kwa kuwa ishara hiyo imekatazwa na sheria ya kule. Lakini shauri likafutwa upesi. Mzee alisema kwamba kwa majuma mawili baada ya habari hiyo hakwenda uwanjani. Juma la tatu mwenye nyumba wake aligonga mlango akasema, "Mimi nitasimama kulia kwako, na mwanangu kushoto." Wakaenda watatu. Tangu siku hiyo hawakusema tena juu ya jambo hilo, wala hawakubadili nafasi zao mpaka msimu ulipokwisha.

Mwezi wa Mei Union ilikwenda kucheza mchezo wa marudiano kwa Dynamo. Mzee alishauriwa asiende, naye akatii. Ilikuwa heri, maana mabao yakiwa moja kwa moja mashabiki wa Dynamo waliingia uwanjani kwa fujo, wachezaji wakakimbia, refa akauvunja mchezo. Ushindi ulipewa Union mezani. Mzee alisema ushindi wa namna hiyo hauna ladha, sawa na chakula cha mgonjwa. Hata hivyo Union ilimaliza msimu ikiwa bingwa, ikarudi daraja la tatu. Mwaka ule ule Mzee alimaliza masomo akarudi nyumbani.

Jumatatu yake nilikwenda maktaba, nikaomba zamu ya kompyuta, nikasoma habari zote nilizoweza kupata juu ya klabu hiyo. Niliona kwamba Mzee alinificha mengi. Hakuniambia kwamba uwanja wao wa zamani ulipokuwa mbovu, mashabiki zaidi ya 2,000 waliujenga upya kwa mikono yao, mwaka 2008 na 2009, kwa saa zipatazo 140,000 za kazi bila mshahara. Hakuniambia kwamba mwezi wa Februari 2011 Mattuschka, yule wa daraja la nne, alipiga mpira wa adhabu uliowashinda Hertha mabao mawili kwa moja katika uwanja wa Olimpiki, mbele ya watu zaidi ya 74,000. Hakuniambia kwamba tarehe 27 Mei 2019 Union ilipanda Bundesliga kwa mara ya kwanza, wala kwamba tarehe 20 Septemba 2023 ilicheza na Real Madrid huko Hispania katika Ligi ya Mabingwa, ikafungwa bao moja tu, tena katika dakika za nyongeza.

Nilifurahi mno. Nilimwandikia Mzee kwa simu ya mwalimu wa zamu, nikamwuliza kwa nini alinyamazia mambo makubwa kama hayo. Jibu lake nililinakili kwenye daftari. Alisema, "Mdogo wangu, usinihesabie Madrid. Watu waliotoa damu mwaka 2004 hawakujua Madrid. Wale 89 hawakujua. Mwaka 2005 hakuna aliyetuahidi kitu. Tungeweza kubaki daraja la nne mpaka leo, kama wengine walivyobaki. Ukiwasifu kwa sababu walifika juu, hujawasifu wao, umeusifu ushindi tu, nao ushindi hauna haja ya sifa zako."

Nilisoma maneno hayo mara nyingi usiku ule. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo nimeiandika katika insha tangu darasa la tano bila kuitazama sawasawa. Methali haisemi kwamba dhiki itakwisha. Nami nilikuwa rafiki wa timu wakati wa nyimbo za wasichana tu.

Asubuhi nilivua bendeji nikaipeleka kwa Sista. Akaipokea, akasema, "Goti gani limepona?" Nikajua kwamba naye alijua tangu siku ya kwanza. Kisha nikaenda kwa Bruda nikamwambia kweli yote. Bruda hakunipiga kelele. Aliniambia kwamba ukepteni umekwisha kupewa mwenzangu wa Senior Four, naye ataendelea nao. Kwamba nikitaka kucheza nitacheza beki atakaponihitaji. Na kwamba fulana za timu nitazifua mimi mpaka mwisho wa muhula. Nilikubali. Fulana kumi na nne zenye udongo mwekundu, ndugu zangu, si kazi ndogo.

Tulicheza michezo mitano iliyobaki. Tulishinda miwili, tukatoka sare mmoja, tukafungwa miwili. Katika shule sita tulikuwa wa tatu, basi hatukupanda. Mchezo wa mwisho tulicheza kwenye uwanja wa mteremko, mvua ikinyesha. Kutoka shuleni kwetu watazamaji walikuwa saba. Niliwahesabu kabla ya filimbi, kwa sababu siku hizi nawahesabu daima. Mmoja wao alikuwa mpishi wetu, aliyekuja kwa baiskeli yake. Nilikosa mpira mmoja wa kichwa na kwa kosa langu tukafungwa. Mpishi alipaza sauti, "Bado! Bado!" Sijapata kusikia neno tamu kuliko hilo kwenye uwanja wa mjini.

Mwezi uliopita watu wa benki ya damu walifika shuleni, kama wanavyofanya kila mwaka. Hapa kwetu damu haiuzwi wala mtoaji halipwi, na wanafunzi wa sekondari ndio tegemeo kubwa la nchi. Shule zilipofungwa mwaka 2020 akiba ya damu ilipungua. Nilitoa, na nusu ya timu ikatoa pamoja nami. Hatukuitoa kwa ajili ya mpira, lakini nilipokuwa nimelala nimekunja ngumi niliwakumbuka watu wa Köpenick.

Mwaka huu nafanya mtihani wa mwisho, na insha hii itakapochapwa huenda nimekwisha kuwa mmoja wa wanafunzi wa zamani. Kwa hiyo nawaomba wakubwa wangu jambo moja, nami najiomba mwenyewe. Timu ya shule bado iko Kundi la Pili, na huenda ikabaki huko miaka mingi. Sisemi mlete fedha wala kikombe. Michezo huwa Jumamosi saa tisa alasiri. Njooni msimame kando ya mstari, ili atakayehesabu apate zaidi ya saba.